Shujaa wa Chuma Asirudishiwe Jina kwa Chipu

Vijana wanaochora hadithi za picha Kisumu, Kakamega na Nakuru wanampenda sana mhusika huyu: msichana mpiganaji, nusu mtu nusu mashine, anayezinduka bila kujua yeye ni nani. Ni mhusika mzuri na anastahili kuandikwa hapa kwetu. Kinachoniuma ni jinsi anavyoharibiwa. Mtu anaokota chipu ya kompyuta, anaichomeka kisogoni mwake, na maisha yote ya zamani yanarudi kwa ukurasa mmoja. Saibogi, neno lililobuniwa mwaka 1960 na Manfred Clynes na Nathan Kline, ni mtu aliyeunganishwa na mashine. Ubongo wake ni nyama. Kumbukumbu zake zimesambaa katika miunganiko ya seli za neva, hazikai mahali pamoja zikingoja kunakiliwa.

Mwandishi na aamue kwanza ni kumbukumbu ipi iliyopotea. Matukio ya maisha huhifadhiwa kwa msaada wa hipokampasi, zilizo ndani ya ubongo pande zote mbili. Ujuzi wa mwili, kama kuendesha baiskeli, kusuka nywele au kukwepa ngumi, hutegemea sehemu nyingine, ikiwemo serebela iliyo upande wa kisogo. Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison aliondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili ili kutibu kifafa. Tangu hapo hakuweza kuhifadhi matukio mapya. Lakini alipofundishwa kuchora nyota akiutazama mkono wake kwenye kioo, alizidi kuwa hodari siku hadi siku, ingawa hakukumbuka kuwahi kufanya zoezi hilo.

Kwa hiyo shujaa anayepigana vizuri bila kujua alifunzwa wapi ni jambo la kuaminika kabisa. Lisiloaminika ni kufutikiwa na utoto wote huku ya juzi yakibaki. Jeraha la kichwa huelekea kufuta ya karibuni na kuacha ya zamani. Basi aukumbuke wimbo wa nyanya yake wa Seme au Bunyore, na asimkumbuke fundi aliyemfunga mikono ile mwaka jana. Hilo lina uchungu kuliko kichwa kitupu, na linampa pa kushika.

Halafu ausikilize mwili. Wengi waliokatwa kiungo huendelea kukihisi, na baadhi hukihisi kimeganda katika mkao wa mwisho kabla ya ajali. Vidole vyake vya nyama, ambavyo havipo tena, huenda bado vimekunjwa kwenye usukani wa boda boda, au vimeshika kamba ya wavu wa omena. Mkao huo peke yake unatosha sura nzima ya kitabu. Maumivu yakizidi, mwache ahesabu. Akianza achiel, ariyo, adek, yaani moja, mbili, tatu kwa Kijaluo, msomaji wa Nyanza atajua kuna mtu aliyemfunza namba nyumbani kabla ya shule. Na kama taya lake bado ni mfupa, na meno sita ya mbele ya chini hayapo, wazee wa Kijaluo watasoma humo jamii yake na pia umri wake, kwa sababu desturi ile ya kung'oa meno haifanyiwi vijana wa leo. Uso wa kisichana juu ya taya la nyanya! Hakuna chipu inayoweza kuipindua hadithi namna hiyo.

Nguvu zake nazo zihesabiwe. Betri za lithiamu za kilo 5, kwa takribani wati-saa 250 kwa kilo, zina wati-saa 1,250. Akitembea kwa wati 400 atadumu kwa muda wa saa tatu hivi. Akipigana kwa wati 2,000 ana dakika 37 hivi. Tena betri iliyotoka vitani ni moto, na seli nyingi hazifai kuchajiwa zikizidi nyuzi 45, kwa hiyo lazima ajifiche zipoe kwanza. Ubongo wake unataka wati 20 hivi, lakini kwa glukosi na oksijeni, kama gramu 120 za glukosi kwa siku. Msichana huyu atakula ugali. Akianguka katika Ziwa Victoria atazama tu, maana uzito wa kilo 120 katika mwili wa lita 70 hauelei. Akianguka Ziwa Nakuru, lenye magadi, sehemu zake za alumini zitaanza kulika. Na akikaa karibu na mvuke wa ardhini wa Olkaria, gesi ya salfa itazifanya nyaya zake za shaba ziwe nyeusi.

Udhaifu wake mkubwa ni pampu ya damu. Ikisimama, atazimia ndani ya sekunde chache, na baada ya dakika nne au tano seli za ubongo zinaanza kufa. Hapa Wajaluo wana mfano tayari: Luanda Magere, shujaa wa Kano katika masimulizi yao, mwenye mwili wa jiwe, ambaye nguvu yake ilikuwa katika kivuli chake. Maadui hawakuigundua siri hiyo kwa kupigana naye. Waliambiwa na mke wake, binti wa Lang'o, yaani wa maadui hao, aliyemchanja kivuli alipokuwa mgonjwa. Mwandishi aitumie mantiki hiyo. Adui anayelenga pampu bila kubahatisha alikuwepo ilipofungwa, au alilala nyumba moja na aliyeifunga. Shujaa asimuue. Amfuate.

Jina likipatikana, liwekwe katikati ya kitabu. Kitambulisho cha Kenya hutaka alama za vidole, na asiye na vidole vya mikono huchukuliwa vya miguu; yeye hana hata kimoja. Atahitaji watu wa kusimama mbele ya chifu waseme huyu ni wetu. Sasa je, watataka? Mtu asiyesikika kwa miaka saba, sheria ya Kenya inaruhusu adhaniwe amekufa. Shamba limeshagawanywa. Pengine matanga yalishafanyika. Yule kaka anayelima sehemu yake ana sababu nzuri ya kuapa kwamba hajawahi kumwona, na mbele ya kaka huyo ngumi zake za chuma hazina kazi. Mapambano hayo yapewe nusu ya pili yote.