Mjomba, Baba Mkwe na Baa ya Micklegate

Posa yangu nusura ifie mlangoni mwa baa, tena mjomba yupo kando na kanzu yake.

Kwa desturi mposaji hukaa nyumbani akingoja majibu, ila mjomba Kiingereza hakijui, ikabidi nimsindikize. Baba wa binti anaishi York, kaskazini mwa Uingereza. Mzee wa Kiamu, swala haimpiti. Akatuma ujumbe: "Saa tisa nisubirini Micklegate Bar, nije niwachukue."

Mjomba nilipomsomea alishika kichwa. "Watu wanapokelea posa baa?"

Tulipofika mtoni nikamuuliza bibi mmoja geti la Micklegate liko wapi. Akacheka: "Umelikanyaga, mwanangu." Kumbe ni mtaa! Mtaa wenyewe una mlima, na baa bandika bandua. Mjomba akabaki nje, tasbihi mkononi, mvua inamnyea. Mimi nikaingia ya kwanza: samahani, hapa ndipo Micklegate Bar? Mhudumu akanionesha kidole: juu huko. Nikipanda hatua chache nakuta baa nyingine, naingia. Juu huko! Ya mwisho ilijaa vijana wanaomuaga bwana harusi mwenzao. Mmoja kwa furaha akanikumbatia na bilauri yake, bia yote ikaishia kifuani mwangu.

Natoka nanuka kama pipa, uso kwa uso na baba mkwe.

Alikuwa amechoka kutungoja kule juu, kwenye lango la mawe la ukuta wa mji. Ndiyo Bar yenyewe! Watu wa York bwana: mtaa wanauita geti, neno la Waviking walioteka mji mwaka 866, ambao kwao "gata" ni njia, lango lenyewe wanaliita baa, na baa wanaiita pabu. Hapo langoni zamani walitundika vichwa vya wahaini, kikiwemo cha Richard wa York mwaka 1460. Kwa jinsi mzee alivyonitazama, nafasi bado ipo.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. Akanusa.

"Mimi nilimkataza asiingie!" mjomba akadakia. Huyo ndiye mshenga wangu.

Garini mzee aliteremsha vioo vyote, mvua ikatupiga usoni, na mahari ikapanda kabla hatujafika kwake.