Boromir, Maorki na Wasomaji wa Bukavu

Wapo wanaosema kijana wa Bukavu, mashariki ya Kongo, apewe hadithi za kwao, aachane na riwaya za fantasia za Waingereza, kwa kuwa zimebeba siasa za kikoloni. Hoja hiyo ina uzito. Katika Le Seigneur des anneaux (Bwana wa Pete) ya J. R. R. Tolkien, iliyotoka kwa Kiingereza 1954 na 1955, watu weusi wa kusini ya mbali wanapigana upande wa dhalimu Sauron. Katika hadithi za Narnia za C. S. Lewis, Wakalormeni katili ni watu wa ngozi nyeusi wavaao vilemba, ingawa mmoja wao, Emeth, anapokewa na Aslan, simba wa kimungu, kwa uadilifu wake. Tena amani ya Tolkien inatimia mfalme wa ukoo anaporudi. Sisi Wakongo tulikuwa mali ya mfalme, Leopold II, tangu 1885 hadi 1908. Ndoto hiyo haituingii kirahisi.

Linaloniuma zaidi ni maorki, viumbe askari wa Sauron, wanaouawa bila swali kwa sababu wamezaliwa wabaya. Hapa Kivu tunajua maneno ya namna hiyo yanawafikisha watu wapi. Tolkien, Mkatoliki, alihangaika na jambo hilo hadi uzeeni asilimalize.

Lakini ndani ya riwaya hiyohiyo Sam, mtunza bustani, anatazama maiti ya askari wa kusini na kujiuliza kama kweli alikuwa na moyo mbaya, au ni uongo na vitisho vilivyomtoa kwao. Aliyeandika hayo alipigana Somme, Ufaransa, katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916.

Na yupo Boromir, shujaa wa riwaya hiyo. Anaitaka Pete ya Sauron, yenye nguvu ya kutawala wengine, ili aulinde mji wake. Makundi yenye silaha milimani kwetu yamesema hayohayo mara ngapi: tunalinda watu wetu! Tolkien haukubali udhuru huo. Hata mchawi Gandalf na Galadriel, bibi wa Waelfu, wenye nia njema, wanaikataa Pete kwa kuogopa watakachogeuka wakiishika. Sijaona katika fantasia somo la siasa linalotuhusu kuliko hili.

Kwa hiyo nasimama na wanaosoma, mradi wasome kwa kubishana. Mwalimu wa Kadutu, hapa Bukavu, awasomee wanafunzi kurasa za watu wa kusini kwa sauti, wazihoji bila woga. Kisha awape Ursula K. Le Guin, mwandishi Mmarekani: mwaka 1968, katika riwaya A Wizard of Earthsea, alimpa mchawi wake Ged ngozi ya kahawia nyekundu, rafiki yake mwaminifu akawa mweusi, na wavamizi wanaochoma vijiji wakawa weupe.