Kamera Ijayo Itambue Kutunza

Kijana wangu wa kushika taa hana nauli ya kurudi Mbagala, lakini kamera zitakazotoka mwakani anazijua kuliko waliomo kiwandani. Jumamosi tuko ukumbini, maharusi wamechelewa masaa matatu, ananong'ona: "Bosi, usinunue sasa hivi. Ngoja Z9 ya pili."

Kungoja ndiyo imekuwa fani yangu. Nikon Z9 ilipotangazwa 2021 nilishaandaa hadi wadhamini wa mkopo. Akasema ngoja Canon R1, kihisi chake, kile kinachonasa mwanga, kitasoma picha nzima kwa mpigo mmoja, na megapikseli utachoka kuhesabu. Imekuja 2024 na megapikseli 24, kihisi bado kinasoma mstari kwa mstari. Hicho cha mpigo mmoja Sony walishakitia kwenye A9 III tangu 2023! Mimi niko na yangu ileile, mlango wa betri nimeubana kwa raba bendi, na kwa kuwa nayo inasoma mstari kwa mstari, nikipiga kimyakimya chini ya taa za LED, bibi harusi anatoka na mistari kama pundamilia.

Na bei sasa. Gari uking'oa kioo, unaliuza kwa hasara. Hawa wameng'oa kioo cha ndani ya kamera, na bado wanaiuza kwa mamilioni. Kwenye Z9 wakang'oa na shata, kile kipazia cha kufyatuka, na bado inataka wadhamini wa mkopo. Tukizidi kungoja tutauziwa mkanda wa shingoni mtupu, milioni ishirini.

Hiyo A9 III inapiga picha 120 kwa sekunde. Kulishana keki ni sekunde nne, piga hesabu mwenyewe. Picha 480 za bwana harusi kaachama, halafu wifi anakwambia, "Kaka, tutumie zote, tutachagua wenyewe."

R1 eti inatambua soka, kikapu na wavu, inamng'ang'ania mwenye mpira. Sawa, na kutunza je? Shangazi akiinuka na elfu kumi yake vidoleni, anakuja kwa kukata kiuno, kamera ijue mpira uko kwa nani! Na mjomba mwenye tableti, yule anayesimama katikati ya njia kama nguzo ya umeme, imfute palepale. Tena ina uwezo wa kuhifadhi picha 20 za kabla hujabonyeza. Hiyo nimeikubali, ila waihamishie kwenye malipo: mweka hazina wa kamati awe ameshanitumia baki kabla hajajua kwamba anatuma.

Nilikuwa namfafanulia kijana jambo hilohilo, kwa mikono miwili, niliposikia vigelegele. Kugeuka, maharusi wameshafika kwenye viti vyao. Taa iko sakafuni, kamera iko kwenye begi.

Tangu juzi namtafuta yule mjomba wa tableti. Hapokei simu.