Punguzeni hiyo spika, jamani!

Ndugu zangu wa Kampala, tumemkosea nani? Saa kumi na moja alfajiri spika ya mahubiri inanguruma dirishani. Unatoka nje, bodaboda iliyotobolewa ekzosi inakupasua kichwa. Unafika Old Taxi Park, kituo cha matatu: honi, makondakta wanagonga bati la gari, na kile kipaza sauti cha betri juu ya rundo la viatu, kimerekodiwa neno moja tu: "Elfu kumi! Elfu kumi! Elfu kumi!" Kutwa nzima! Muuzaji mwenyewe amesimama hapo hapo, sikio shubiri moja kutoka kwenye spika, na ukimuuliza bei hasikii. Hasikii! Kijana mbichi kabisa!

Vijinywele vya ndani ya sikio vikifa, havioti tena. Si kucha hizo. Kelele ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti), mwisho wa kukaa nayo ni muda wa saa 8 kwa siku. Ikipanda desibeli 3 tu, muda huo unakatwa nusu. Sasa yule kijana anasimama pale kwa muda gani? Na usiku baa ya jirani ikianza, kikombe kinatembea chenyewe mezani. Kanuni za kelele Uganda tunazo tangu 2003. Nani anazifuata?

Mimi sasa natembea na viziba masikio vya sponji mfukoni. Navibinya, navuta sikio juu, napachika, nasubiri vitanuke. Watu wananishangaa. Waache washangae! Lakini dereva, hebu niambie: foleni imesimama, mbele lori, nyuma lori, hiyo honi unampigia nani?