Mapezi ya Kuogelea: Sifa ni ya Mfaransa au ya Mmarekani?

Louis de Corlieu, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, aliwaonyesha wenzake mapezi yake ya kuogelea mwaka 1914. Mwaka 1924 aliacha jeshi ili ashughulikie uvumbuzi, na mwaka 1933 akasajili hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi. Kwa miaka mingi alihangaika, hata akawa anayatengeneza ndani ya nyumba yake mjini Paris. Uzalishaji mkubwa ulianza mwaka 1939, robo karne baada ya siku ile ya kwanza.

Mwaka huohuo alimpa leseni ya kuyatengeneza Owen Churchill, Mmarekani aliyeshinda dhahabu ya mashua za tanga katika Olimpiki ya 1932. Ubishi umeanzia hapo.

Wanaomtetea Churchill wana hoja. De Corlieu aliviita vifaa vyake "propulseurs", yaani visukumio, jina la karakana. Churchill akaviita mapezi ya kuogelea, jina analolielewa hata mtoto. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, wapiga mbizi wa majeshi ya Marekani na Uingereza waliingia baharini na mapezi yake. Bila yeye, huenda uvumbuzi huu ungebaki kwa mabaharia wachache wa Ufaransa, na sioni sababu ya kumnyima sifa hiyo.

Ninachokataa ni kisa cha Tahiti, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki. Husemwa kwamba Churchill alipata wazo huko, alipowaona vijana wakiogelea na mapezi ya kujitengenezea. Kama ndivyo, sifa ni ya vijana hao, si ya mgeni aliyewatazama. Tena yeye mwenyewe alichukua leseni kwa Mfaransa. Huombi ruhusa kwa mtu usiyemtambua kuwa mwenye mali.

Na uzito wa mali yenyewe haupimwi kwa mauzo tu. Mwaka 1943 Jacques Cousteau na Émile Gagnan walipokamilisha kifaa cha kupumulia majini kwa mtungi wa hewa, mzamiaji aliachana na bomba lililomfunga kwenye chombo juu. Lakini ni mapezi yaliyomfanya aogelee kama samaki, mikono ikiwa huru kwa kazi, badala ya kutembea sakafuni mwa bahari kama wazamiaji wa kofia za shaba.

Georges Beuchat wa Marseille alipotoa mapezi ya Jetfins mwaka 1964, yenye matundu ya kupitisha maji, kampuni ilikuwa yake mwenyewe. De Corlieu hakuwa na kampuni ya namna hiyo.