Nguvu ya darubini ilikuwa kwenye daftari

Ukiuliza nani aliyebuni darubini, wengi watakujibu Galileo, yule mwanasayansi wa Italia. Si yeye. Oktoba 1608 fundi miwani wa Middelburg, Uholanzi, aitwaye Hans Lipperhey, aliomba hataza, yaani haki ya pekee ya ubunifu, ya chombo cha kuonea vitu vya mbali. Akanyimwa, maana wengine nao walijitokeza wakidai wanajua kukitengeneza. Kabla mwaka uliofuata haujafika katikati, darubini zilikuwa zinauzwa Paris.

Kwa hiyo chombo walikuwa nacho wengi. Tena Mwingereza Thomas Harriot alitazama mwezi kwa darubini na kuuchora katikati ya 1609, miezi kadhaa kabla ya Galileo. Ila michoro yake hakuichapisha, na ndiyo maana sayansi ya wakati wake haikunufaika nayo. Kwangu mimi, tofauti iko hapo: kuona peke yake hakutoshi.

Tarehe 7 Januari 1610, akiwa Padova, Italia, Galileo aliona vinyota vitatu vimejipanga mstari mmoja na Mshtarii (sayari ya Jupita), viwili upande wa mashariki, kimoja magharibi. Akaandika. Kesho yake vyote vitatu vilikuwa magharibi. Tarehe 9 mawingu yakamziba. Tarehe 10 akaona viwili tu, vyote mashariki, na tarehe 13 vikawa vinne. Kila usiku alichora duara dogo la sayari na alama za vinyota kandoni, basi. Kutokana na alama hizo akatambua kwamba ni miezi inayoizunguka Mshtarii, wakati walimwengu walifundishwa kwamba kila kilichoko mbinguni kinaizunguka Dunia. Machi mwaka huohuo kitabu chake chenye habari hizo kilikuwa kimetoka Venice, na aliyetilia shaka aliweza kutafuta darubini nzuri akajionee. Mwanafalaki Mjerumani Johannes Kepler alifanya hivyo mwaka huohuo, akaiona miezi hiyo.

Shuleni tunakaririshwa jina na mwaka. Natamani sana watoto wetu waonyeshwe zile alama za usiku baada ya usiku, kisha waulizwe: wewe ungesema ni nini?

Na angalia faida iliyopatikana baadaye. Wanafalaki waliendelea kuandika saa ambazo mwezi mmojawapo, Io, huingia kwenye kivuli cha Mshtarii, jambo linalotokea kila baada ya saa 42 na nusu hivi. Huko Paris, Mdenmaki Ole Rømer akagundua kwamba Dunia inapokuwa inajitenga na Mshtarii, matukio hayo huchelewa. Mwaka 1676 akatangaza sababu: mwanga nao husafiri, hautufikii papo hapo. Alikadiria kwamba unatumia dakika 22 kukatiza mzingo wa Dunia, yaani njia yake ya kulizunguka Jua, kutoka upande hadi upande. Leo tunajua ni kama 16 na nusu, lakini kabla yake wasomi wakubwa walishikilia kwamba mwanga hauchukui muda wowote.