Nikatalieni kwa maandishi

"Mfumo umekataa." Binti wa dirisha la dawa hata macho hakuyainua kwenye kompyuta. Mfumo gani? "Wa bima." Umekataa kwa nini? Kimya. Nyuma yangu foleni inakohoa.

Basi leo namwandika huyu Bwana Mfumo, maana jana alitaka kumrudisha mama yangu Chanika mikono mitupu.

Mama damu iligandia mguuni. Daktari akamwandikia rivaroksabani, dawa ya kuzuia damu isigande. Bima ni ya kampuni binafsi, ile ya kazini kwangu. Mama nimemwingiza kwa ada ya ziada inayokatwa kwenye mshahara, na siku ya kukata sijawahi kusikia mtandao uko chini. Jibu lililokuja ni kwamba atumie warfarini, dawa ya zamani ya kazi hiyohiyo. Kweli, warfarini ni ya bei nafuu. Ila inataka upimwe damu mara kwa mara, dozi ipandishwe, ishushwe, na mboga za majani ule kwa kipimo kilekile, siyo leo bakuli la matembele, kesho hakuna. Mwambieni mama hayo, ambaye matembele anayachuma nyuma ya jiko bila kumuuliza mtu. Na kila kipimo ni daladala mbili kwenda, mbili kurudi, mguu umevimba. Daktari aliyajua yote haya ndipo akaandika alichoandika. Bwana Mfumo hajui hata Chanika iko upande gani.

Nikalipa keshi. Elfu nne kidonge. Nilikuwa na hela ya vidonge saba, mfamasia akachukua mkasi, akakata karatasi ya vidonge. Saba vikaja kwangu, tarehe ya mwisho wa matumizi ikabaki upande wake. Bei za dawa tuziache, hiyo ni makala yake.

Kilichonichemsha zaidi ni kwamba sikupata mtu aliyekataa. Dirishani wakanisukuma kwa kijana wa bima wa palepale hospitali. Kijana akasema yeye anapokea majibu tu. Nikapiga simu makao makuu, akapokea dada mwenye sauti ya asali. Nikamwomba kitu kimoja: nitumie hata meseji kwamba mmekataa, na sababu. Akacheka kidogo. "Hatujakataa kaka, haijaidhinishwa tu."

Haijaidhinishwa! Yaani imejitendea yenyewe, kama mvua.

Ndipo nikauona ujanja. TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, ipo. Msuluhishi wa Migogoro ya Bima yupo. Nikienda kwao nalalamikia nini, kwamba skrini ilisema hapana? Nataka karatasi: nani kaamua, ana taaluma gani, kifungu kipi cha mkataba, nikate rufaa wapi na ndani ya siku ngapi. Mwaka juzi gari langu liligongwa, bima ya gari ikagoma kulipia taa. Waliniandikia barua ya kurasa mbili, nembo juu, sahihi chini, kifungu kimepigiwa mstari. Taa ya gari ilipata heshima ambayo mguu wa mama haujaipata.

Haya, najua mtakalosema. Watu wanaazimana kadi, vituo vinaandika vipimo hewa, na mfuko ni wa wote, hauwezi kulipia kila dawa mpya. Nakubali, shingo upande. Kataeni basi, ila mkikataa mseme mmekataa.

Na asitokee wa kuniambia nihamie NHIF, mfuko wa bima ya afya wa serikali. Machi 2024 kitita chao kipya, yaani orodha ya huduma na bei wanazolipia, kilipoanza, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wake, na wagonjwa waliokuwa na miadi wakabaki katikati, kadi mkononi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Bunge lilishaipitisha 2023. Sawa, tuingie wote. Lakini kama kukataliwa kutaendelea kuwa kwa mdomo, tutakuwa tumepanua foleni ya dirishani tu.

Leo asubuhi nimepeleka barua yangu ofisini kwao, nakala mbili. Nikagoma kuondoka mpaka nakala yangu igongwe mhuri wa kupokelewa. Kijana wa mapokezi alifungua droo, akafunga, akaenda chumba cha pili, akarudi, akaniuliza kama picha ya simu isingetosha. Nikamwambia nina muda. Mhuri ulipatikana baada ya robo saa, wino umekauka. Ikabidi aupulizie pumzi mara tatu ndipo tarehe ikasomeka.